"Hamna shida, eh?"

Leo niseme jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa.

Mwaka jana, baada ya msiba nyumbani, nilianza kwenda kwa mshauri nasaha hapa Dar. Mama wa makamo, mpole. Siku ya tatu nikakuta kijana kakaa pembeni na daftari. Mama akasema, "Mwanangu, huyu ni mwanafunzi wangu, yuko mazoezini. Hamna shida, eh?"

Nikajibu, "Hamna shida."

Shida ilikuwepo. Saa nzima niliongelea foleni na vituko vya chumba cha habari. Kilichonipeleka pale sikukigusa. Nikalipa hela yangu, nikaondoka.

Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali magumu, nilishindwaje kusema neno moja? Jibu ninalo. Mtu uliyemwamkia shikamoo mlangoni, dakika moja baadaye utamkatalia vipi? Ridhaa yangu siku ile ilikuwa adabu tu. Na kwa maoni yangu, "hamna shida, eh?" mbele ya mhusika mwenyewe si swali. Mtu huulizwa mapema, faragha, na akikataa isiwe kesi.

Cha ajabu, neno hiari tunalijua vizuri. Julai 2007 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, na mkewe Salma walipima VVU hadharani kuzindua kampeni ya kupima kwa hiari. Wengi wetu hata "ushauri nasaha" tuliusikia kwanza kwenye habari za kupima. Tulielewa kwamba damu yako haichukuliwi mpaka ukubali. Basi na siri zako ni hivyo hivyo. Tena hiari haiishi ukishaketi kwenye kiti. Unaweza kukubali leo, kesho ukakataa.

Kuna watakaosema tiba lazima iume. Kweli. Maswali kuhusu marehemu yaliniliza, na yalinisaidia. Lakini kuumia kwa sababu kidonda kimeguswa ni tofauti na kuumia kwa sababu umebanwa. Mshauri ataijuaje tofauti hiyo kama wewe unatabasamu?

Wiki iliyofuata, kwa kuwa mdomo ulikuwa mzito, nilituma meseji: "Mama, juzi sikuwa huru mbele ya mwanafunzi. Naomba tuwe wawili tu." Nilipofika akasema, "Nisamehe mwanangu, nilipaswa kukuuliza kabla hujaingia." Kazi yenyewe ilianza siku hiyo.

Je, angekasirika? Hilo nalo lingekuwa jibu: nitafute mwingine. Na kama mshauri anakushikashika au anakutaka kimapenzi, hapo hakuna cha kujadiliana. Ondoka, karipoti.

Kwa hiyo ukiulizwa "hamna shida, eh?" na shida ipo, sema ipo. Ni hayo tu kwa leo.