"Hata siwaoni!" Posa ilipokwama runingani

JUMAMOSI moja mwezi uliopita, jirani yangu alipokea wageni waliokuja kumposa bintiye. Pilau ilikuwa tayari, soda zilikuwa baridi, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi sebuleni. Aliyekosekana ni binti mwenyewe, ambaye ni muuguzi kule Uingereza na alikuwa amenyimwa likizo. Ikaamuliwa ahudhurie kupitia runinga.

Wakati wa lile swali la desturi ukafika. Mzee mmoja akasimama, akakohoa kidogo, akauliza:

"Mwanangu, wageni hawa tulio nao unawajua?"

Binti akajibu kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Hata siwaoni!"

Wageni wakatazamana. Mama ya kijana akashika mkoba wake kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kumbe binti alisema kweli tupu. Wageni walikuwa wamepewa viti vya heshima vilivyopakana na dirisha, na jua la alasiri lilimulika kutoka nyuma yao. Kule Uingereza vilionekana vivuli vyeusi tu.

Kabla jambo hilo halijaelezwa, ujumbe ukachomoza juu ya kioo cha runinga. Ulitoka kwa shangazi aliyekuwa jikoni: "Wakitaja laki mbili msikubali." Waliusoma wote, wakiwemo waliokuwa karibu kuitaja hiyo laki mbili.

Mpenzi msomaji, usicheke sana. Siku hizi familia nyingi za mjini zina mtoto ng'ambo, na mambo mazito ya ukoo hupitia kwenye kioo. Wala si ndoto ya jana. Mnamo 1964 kampuni ya AT&T ilifungua vibanda vya simu za picha mijini New York, Washington na Chicago, na dakika 3 tu ziligharimu dola 16 au zaidi. Leo gharama si kikwazo kikubwa. Kinachotuaibisha ni kutopanga mitambo mapema. Haya hapa mambo manne ya kuangalia kabla wageni hawajabisha hodi.

Kwanza ni runinga. Waya wa HDMI hutoka kwenye tarakilishi na kuchomekwa nyuma au kando ya runinga, ambako matundu yake yana nambari. Soma nambari ya tundu ulilotumia, kisha ubonyeze Source au Input kwenye rimoti na uchague nambari hiyo hiyo. Runinga ikikuambia hakuna mawimbi, usikimbilie kumwita fundi. Aghalabu umechagua tundu lisilo na waya, au waya haujaingia sawasawa. Na iwapo kingo za picha zimekatwa, tafuta kipimo cha picha katika mipangilio ya runinga, uiambie ionyeshe picha nzima.

Pili ni tarakilishi yenyewe. Kwa wenye mashine za Windows, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Utapata chaguo nne. La kwanza huacha picha kwenye tarakilishi peke yake. La pili hurudia kila kitu kwenye runinga, na hilo ndilo lililomwanika shangazi. La tatu huifanya runinga kuwa kioo cha ziada, nalo la nne huhamisha picha yote kwenye runinga. Chagua la tatu. Kisha ukokote dirisha la mazungumzo hadi kwenye runinga, na barua na jumbe zako zibaki mbele yako pekee. Hata hivyo, zima arifa zote kwanza. Tahadhari haijamuua mtu.

Tatu ni kamera. Ukichomeka kamera ya ziada, programu kama vile Zoom au Google Meet inaweza kuendelea kutumia ile ndogo iliyo kwenye kifuniko. Ingia katika mipangilio ya video ya programu hiyo uchague kamera unayoitaka. Picha ikiwa nyeusi kabisa, chunguza kama kuna kifuniko kidogo kilichoziba jicho la kamera, au kama programu nyingine inaitumia. Ukiona herufi za fulana yako zimegeuka kinyume, usihangaike, kwa kawaida mwenzako huziona sawa.

Iweke kamera karibu na runinga, kimo cha macho ya watu waliokaa. Ukiiacha pembeni, wazee watatazama runinga, na aliye mbali ataona masikio yao tu. Mwanga nao utoke mbele ya nyuso, kamwe usitoke nyuma.

Nne ni sauti. Ukiunganisha HDMI, mara nyingi sauti huhamia kwenye runinga. Isiposikika, fungua orodha ya spika kwenye programu na uchague runinga. Na binamu asiingie mkutano huo huo kwa simu yake akiwa sebule hiyo hiyo. Vifaa viwili vikisikizana huzua mwangwi na kelele za kukera. Simu hiyo izimwe maikrofoni na spika pia.

Fahamu vilevile kwamba Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na sijawahi kuona posa ya dakika 40. Nao wazazi waliozoea Skype wajue kwamba ilifungwa Mei 2025. Fanyeni jaribio siku moja kabla, saa ile ile ya shughuli, ili mwone jua litakuwa wapi.

Na posa ya jirani iliishaje? Aliyeiokoa ni nyanya, ambaye hajawahi kugusa tarakilishi. Aliinuka na mkongojo wake, akafoka: "Fungeni hilo pazia, na taa iwashwe!" Nyuso zikajitokeza. Binti akaulizwa upya, akawataja wageni mmoja mmoja, akianza na mama ya kijana. Mkoba ukarudi chini, vigelegele vikapaa.

Kuhusu laki mbili, naambiwa wageni walianzia juu kidogo. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.