Chaneli imechuja? Msiizike, bado inahema

Leo naomba tuwaache kidogo wapenzi wanaogombania simu usiku, tuwageukie vijana ambao simu hiyohiyo iliwapa jina mtaani, halafu ikawaacha kwenye mataa.

Nawazungumzia wale wa chaneli za YouTube. Anzia Mbagala Rangi Tatu, pita Tandika, vuka mji uende Mwananyamala na Tandale, hukosi kundi la vijana wanne watano wenye simu moja ya maana, maiki ya kubana shatini na dada mmoja anayejua kulia akiambiwa lia. Hadithi zao zinafanana kama mapacha. Wanaanza kwa mzaha: kichekesho cha baba mwenye nyumba na mpangaji anayekwepa kodi, kimerekodiwa uani, nyuma zinaonekana ndoo na kamba ya nguo. Kinapendwa. Kijiwe cha bodaboda kinacheka, dada zetu walioko Muscat wanatumiana, na kabla mwaka haujaisha video moja imetazamwa mara laki mbili. Muuza chipsi anawaongezea yai bila kuombwa.

Na nani asingeingia kwenye mchezo huo? Juni 2020 ilitangazwa kwamba Diamond Platnumz, kijana aliyekulia Tandale, video zake zimetazamwa YouTube mara bilioni 1, msanii wa kwanza kufika hapo Kusini mwa Sahara. Mtoto wa Tandale bwana! Kila mwenye simu akaona na yeye anaweza.

Kasheshe huja mwaka wa pili. Video iliyokuwa ikitazamwa laki mbili sasa inatazamwa elfu tatu, na ndani ya hao elfu tatu shangazi zao wote wamo. Vijana wanakaa kijiweni kutafuta mchawi. Huyu anasema YouTube inawabania, yule anasema kundi la mtaa wa pili limewafanyia kitu. Wa tatu hasemi, ila anatafuta kazi ya kuendesha bajaji.

Ndugu zangu, kuchuja si ugonjwa mpya mjini hapa. Wenye umri wangu tunawakumbuka Kaole Sanaa Group walivyokuwa wanatufungia ndani kila ilipofika saa ya mchezo wao ITV, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kundi lilipopoa, waliotoka humo hawakupoa nalo. Ray na Johari walikwenda kufungua kampuni yao ya filamu, RJ, na Kanumba akawa Kanumba yule mliyemlilia Aprili 2012. Na muziki je? NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, ikaja kuitwa Msondo Ngoma. Jina limebadilishwa kama shati, wacheza dansi wakafuata palepale.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa wale vijana wa Ze Comedy. Walianzia EATV, wakatikisa nchi, kisha mwishoni mwa miaka ya 2000 wakahamia TBC1. Jina la Ze Comedy wakaliacha nyuma, wakaja na la Orijino Komedi. Watazamaji walisumbuka? Thubutu! Walimfuata Joti, wakamfuata Masanja, wakamfuata Mpoki. Salama Jabir naye alikuwa na Mkasi pale EATV, kipindi kilipokwisha akaja kuibukia YouTube na Salama Na. Jina jipya, lakini ni Salama yuleyule wa kumuuliza mtu swali linalomfanya ajikune kichwa.

Sasa turudi kwa vijana wetu wa uani. Wao wamefanya kinyume: jina limebaki, kilichowaleta watu kimeondoka.

Angalia wanachofanya wakishapata mshiko kidogo. Wanahama uani. Wanakodi nyumba ya watu Goba kwa siku moja, yenye geti na makochi meupe, wanaazima gari, mpangaji aliyekuwa anakwepa kodi sasa anaitwa CEO na anaongea kwa pozi. Filamu zetu zilishapita njia hiyohiyo, mtakumbuka zile za dakika ishirini za mtu kushuka kwenye gari, na mnajua zilikoishia. Mama wa Tandika hakuwa anatazama kwa sababu ya kochi, kochi analo la kwake hata kama limetoboka. Alitazama kwa kuwa baba mwenye nyumba yule anafanana na wa kwake. Ukimtoa uani umemtolea nje na mtazamaji.

Halafu kuna ule ugonjwa wa utangulizi. Nembo inazunguka, muziki unapiga, mtu anatoka kusema "kabla hatujaendelea usisahau kubonyeza kengele", anashukuru wadhamini ambao ni duka la binamu yake. Dakika nzima imekwisha! Mtu amenunua bando la shilingi mia tano, anahesabu kila tone. Atakungoja?

Na haya si maneno yangu ya barazani. YouTube yenyewe inamwonyesha mwenye chaneli kila kitu, kwenye ile programu ya YouTube Studio, tena bure. Kuna mstari unaoonyesha watu wanavyobaki na wanavyokimbia, sekunde kwa sekunde. Wengi wa vijana wetu wanafungua kuangalia pesa tu, ule mstari hawaujui. Ukiona umeporomoka kama mnazi kabla ya sekunde 30, basi tatizo ni mlango wako, chumba hakina kosa. Kuna na hesabu nyingine, ya watu walioona kava la video na kati yao wangapi wamebonyeza. YouTube inasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Mkiwa chini ya 2, kava lenu baya au linadanganya. Lile la mshale mwekundu na "HAUTAAMINI" watu wamelichoka, wanajua wataamini.

Kazi ya kwanza basi, kabla hamjashika kamera, ni kukaa jioni moja na zile video zenu tano zilizopendwa sana na tano zilizokufa. Msiangalie kama wasanii, angalieni kama mama anayekaanga samaki huku simu ameiegemeza kwenye ndoo. Mtaona wenyewe. Mara nyingi kilichopendwa ni kitu kimoja kidogo: mtu fulani, neno fulani, ugomvi fulani wa choo cha pamoja. Kirudisheni hicho. Msikirudishe kilevile kama kiporo, kipikeni upya. Mpangaji yule sasa amehamia kwa mama mkwe, tumwone huko.

Hapo mtaniuliza: dada, si bora tufungue chaneli mpya, tuachane na nuksi? Siungi mkono, isipokuwa kwa sababu nzito. Tangu 2018, ili upate mgao wa kawaida wa matangazo YouTube inadai uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kama mlishavuka kizingiti hicho zamani, kushuka kwa watazamaji peke yake hakuwatoi mara moja. Kinachoua ni kimya. Chaneli ikikaa miezi 6 au zaidi bila video wala tangazo lolote kwa wafuasi, YouTube wanaweza kuiondoa kwenye malipo. Kwa hiyo wale mlionuniana tangu Ramadhani, hesabuni miezi vizuri.

Na wafuasi wa zamani si maiti, wamelala. Kuamsha aliyelala ni rahisi kuliko kutafuta mgeni elfu moja wapya. Mkiwa na video ndefu moja nzuri kwa wiki na vipande vifupi viwili vya kuwakumbusha watu kwamba mpo, panatosha kuanzia. Ila msihamie kwenye vifupi moja kwa moja kwa kufuata mkumbo. Kwenye matangazo ya video ndefu mwenye chaneli anaachiwa asilimia 55, kwenye Shorts ni 45 ya fungu lililokwisha kugawanywa kwa wengi. Kifupi ni kama muuza karanga anayekuonjesha, mfuko ndo biashara.

Sababu nzito ninazozijua za kuanza upya ni mbili. Moja ni chaneli iliyojaa mali za watu, muvi za Kihindi zilizokatwakatwa na nyimbo zisizoombwa ruhusa. Maonyo 3 ya hakimiliki ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufutwa. Ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu imevunja urafiki wa watu waliokula sahani moja tangu darasa la kwanza. Ni ile ya nywila.

Mnajua ilivyo. Siku ya kwanza chaneli ilifunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wao, yule aliyekuwa na bando siku hiyo. Hakuna aliyeuliza. Pesa zilipoanza kuonekana, yeye ndiye mwenye ufunguo, na akaunti ya benki ni ya kwake. Akikorofishana na wenzake anaondoka na nyumba nzima mgongoni kama konokono. Wengine hata hawajagombana: namba ya simu waliyofungulia ilikuwa laini ya kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ule usajili wa alama za vidole ulipobana Januari 2020 laini ikafungwa, nywila ikasahaulika, na chaneli inaonekana ipo lakini hakuna anayeweza kuingia. Kama kaburi la kioo.

Dawa yake ipo. Mmiliki anaweza kuwaalika wenzake ndani ya YouTube Studio, mmoja akawa meneja, mwingine mhariri, kila mtu na barua pepe yake, bila kugawana nywila kama sigara. Fanyeni leo, kabla ya video yoyote. Kisha andikeni karatasi: nani ana fungu gani, akiondoka anaondoka na nini, jina la kundi ni la nani. Nendeni nayo ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti agonge muhuri. Mtaonana wajinga siku hiyo, lakini wale wa Ze Comedy wangewaambia jina lina uzito gani siku ya kuachana.

Kwenye pesa nako kuna vituko. Mapato yakifika dola 10, Google wanatuma barua ya karatasi yenye namba ya siri, kwa posta, kuhakikisha unaishi unakosema. Sasa kijana wa Charambe ana S.L.P. gani? Anaandika ya shule aliyosoma, au ya ofisi ya mjomba, barua inafika, inakaa mezani kwa katibu muhtasi chini ya kalenda ya mwaka juzi. Halafu huku mnasema YouTube wezi. Na hata ikifika, hawatoi mpaka zifike dola 100. Mjue pia kwamba mtazamaji wa Buza na wa London hawaleti pesa sawa, wenye matangazo hulipa zaidi kwa nchi zenye wanunuzi wa pesa nyingi. Wale dada wa Muscat mliowasahau tangu mhamie Goba, hao ndo wadhamini wenu.

La serikali msilipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoa jasho wengi, ada zilizidi shilingi milioni mbili. Baadaye kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo msitegemee habari za kijiweni. Pandeni gari mpaka Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, muwaulize TCRA wenyewe kama kichekesho chenu kinahitaji leseni. Kuuliza ni nauli tu.

Kama mmekwisha kupatana, mmeokota nywila na mmerudi uani, kuna swali moja limebaki, la yule aliyeondoka kuendesha bajaji. Mara nyingi ndiye watu walikuwa wanamcheka. Mtumieni mtu mzima akaongee naye, si ujumbe wa simu. Na mkiwa mnarekodi mrudisheni na bajaji yake, mpangaji anayekimbia kodi anahitaji usafiri.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mapenzi: mume anayeficha simu yake kwenye pipa la mchele, je, ana siri au anaogopa panya? Alamsiki.