Vijana wa Subaru, anzeni na mafuta ya breki

Kijana anayeingia gerejini kwangu Ngamiani, Tanga, na Subaru Impreza aliyoiagiza Japani huja na orodha yake kichwani: turbo kubwa, bomba la moshi lenye mlio, kisha zile kalipa nyekundu za Brembo alizoziona kwenye simu. "Shikamoo fundi, nataka niingie mashindano." Namwitikia, nafungua boneti, natazama kikopo cha mafuta ya breki. Mara nyingi mafuta ni meusi, na mwenye gari hajui yalibadilishwa lini. Hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanzia, na wengi hawafurahii ninachowaambia: zile kalipa nyekundu zisubiri.

Siwakatazi mwendo. Mchezo wa magari naupenda, na mkoa wetu umejaliwa njia za vumbi za mashamba ya mkonge ambazo dereva yeyote wa rali angezitamani. Ninachopinga ni mpangilio wa matumizi. Fedha ya kwanza inakwenda kwenye injini, ya pili kwenye sura, na breki zinangoja hadi siku zitakapogoma.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400, dereva akiwemo, likisimama kutoka kilomita 120 kwa saa linatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Likisimama kutoka kilomita 60, joto hilo ni robo tu. Ndiyo maana gari linalosimama vizuri kila siku kati ya Chumbageni na Raskazone linaweza kukosa breki kabisa baada ya kona chache za mashindano. Halikuharibika njiani. Halijawahi kupewa kazi ile, basi.

Asiyeamini ashuke Lushoto. Kutoka mjini pale hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na unateremka karibu mita 1,000. Ukiliachia gari lile lile literemke kwa breki peke yake, bila kusaidiwa na gia, joto linalopita kwenye diski ni sawa na kusimama kutoka kilomita 120 takriban mara 17. Madereva wa Fuso za mboga wanalijua hili kuliko sisi wa mjini; ndiyo maana wanashika gia nzito tangu juu, kabla ya Soni, hawangoji wanuse harufu ya breki kuungua.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, maana ndiyo yanayodharauliwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. DOT 4 ni 230, na DOT 5.1 ni 260. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji, hata asilimia tatu au nne tu, kiwango kinashuka vibaya: DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140, DOT 4 kwenye 155. Yakichemka, ndani ya paipu panakuwa na mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, inazama hadi chini, gari linaendelea na safari yake. Likipoa, pedali inarudi kama kawaida, na mwenye gari anaapa kwamba fundi hakutoa upepo vizuri.

Hewa ya Tanga mnaijua. Shati lililoanikwa jioni linaamka bichi. Gari linalolala karibu na bahari mwaka mzima linanyonya unyevu, kwa hiyo yale maelekezo ya kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili mimi siyafuati kwa gari la pwani. Nabadilisha kila mwaka, na kwa gari la mashindano nabadilisha kabla ya kila shindano. Yapo mafuta maalumu ya mashindano yanayovuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Ni ghali, lakini hayakaribii hata kidogo bei ya kalipa nyekundu. Tahadhari moja: DOT 5, isiyo na nukta moja mbele, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Nimepokea magari yaliyochanganywa, na tukalazimika kusafisha mfumo mzima kuanzia masta silinda.

Baada ya mafuta, pedi. Pedi ya kawaida imetengenezwa ishike asubuhi ikiwa baridi na isipige kelele. Ikizidiwa joto inateleza juu ya diski, na hapo pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami. Ni ugonjwa tofauti na ule wa mafuta, na kila mmoja una dawa yake. Pedi ya mashindano inavumilia moto, ila ikiwa baridi inashika kidogo, inalia, na inakula diski. Kwa hiyo simfungii mtu pedi ya mashindano kisha nikamwacha aende nayo sokoni Mgandini. Abadilishe siku ya shindano na azitoe akimaliza. Pedi feki sina la kuzisemea zaidi ya kwamba sizifungi, hata mteja akizileta mwenyewe mkononi.

Halafu chumvi. Paipu za chuma zinazopita chini ya gari zinaliwa na kutu pwani hii, na pini za kalipa zinaganda, pedi moja inaisha na mwenzake bado mpya. Gari la namna hiyo linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, na kwenye vumbi kuvuta upande mmoja ni kuingia kwenye mkonge. Pini zisafishwe na kupakwa grisi yake inayostahimili joto. Paipu iliyoliwa itolewe, siyo kuchomelewa. Hozi za mpira zilizozeeka zinavimba ukikanyaga; zile zilizosukwa kwa nyuzi za chuma ni mabadiliko madogo ambayo mguu wa dereva unayahisi mara moja.

Na diski kubwa je? Tazameni wanaokimbia Rali ya Safari kule Naivasha, Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Magari yale ya daraja la juu hufunga diski za mbele za milimita 300 kwenye vumbi, na milimita 370 kwenye lami. Wenye fedha zote wanachagua ndogo, kwa sababu vumbi na mawe vinataka rimu ndogo ya inchi 15 na tairi nene. Breki kubwa za Subaru STI zina diski za mbele za milimita 326 na zinadai rimu ya inchi 17. Ukizifunga kwa ajili ya njia za mkonge umejinunulia kazi ya kupasua tairi. Tena wengi wanafunga mbele tu na kuacha nyuma ilivyokuwa. Breki ya mbele inazidi, ya nyuma haichangii, na gari linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari mwaka 1966 na tena 1967, enzi ambazo mashindano yale yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Aliendesha Peugeot 404, gari ambalo wakati huo lilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma. Alijua breki zake zinaweza nini, akaendesha kwa kiasi hicho.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa mashindano ya magari mkoani hapa na kwa chama cha AAT kinachousimamia mchezo huu. Wakaguzi wanatazama mikanda, kofia na fremu ya chuma ndani ya gari, na wanafanya vyema. Waongeze mafuta ya breki. Kipo kifaa kinachochemsha mafuta kidogo na kutoa jibu la nyuzi papo hapo. Kile cha mfano wa kalamu hakitoshi, kinakisia. Gari ambalo mafuta yake yanachemka chini ya nyuzi 200 lirudishwe likabadilishwe, hata kama ni la bingwa. Na siku ya ukaguzi waruhusu magari ya kawaida yapimwe pia, hasa Coaster na Fuso za Lushoto, maana nazo zinabeba roho za watu. Kifaa kimoja kinatosha mkoa mzima. Kinunuliwe kabla ya shindano lijalo.