Kura ni Yako, Bibi Harusi: Tulichokiona Tower Hamlets



Najua mtashangaa. Mmezoea hapa tuzungumze hina na piko, udi, mapishi ya futari, adabu za ndoa. Leo nawaletea matokeo ya uchaguzi wa madiwani wa London. Nivumilieni, kwa sababu yanatuhusu. Wangapi kati yenu mna dada au shoga aliyeolewa Uingereza? Na wangapi mnaosoma hapa posa zenu zimetoka huko huko? Basi jueni kwamba mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya akiishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura kule, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Hangoji uraia. Bibi harusi aliyeshuka uwanja wa ndege na viza ya mume wake ni mpigakura mtarajiwa, na mara nyingi hakuna anayemwambia.

Sasa twende Tower Hamlets, manispaa ya mashariki mwa London. Ndiko uliko msikiti wa East London Mosque, pale Whitechapel Road. Kwa sensa ya 2021, karibu watu 40 katika kila 100 wa manispaa hiyo ni Waislamu, na hakuna halmashauri nyingine ya England na Wales inayoizidi kwa kiwango hicho. Wengi wao asili yao ni Bangladesh.

Tarehe 5 Mei 2022, siku chache tu baada ya Idi, watu walikwenda vituoni. Lutfur Rahman wa chama cha Aspire akamwangusha meya aliyekuwepo, John Biggs wa Labour, kwa kura 40,804 dhidi ya 33,487. Katika baraza lenye viti 45, Aspire ikachukua 24, Labour ikabaki na 19, Conservative kimoja na Greens kimoja. Miaka minne kabla yake Labour peke yake ilikuwa na viti 42. Magazeti yakaandika wiki nzima kuhusu vyama, nani kapanda na nani kashuka.

Mimi nilihesabu kitu kingine. Madiwani 24 wa Aspire, mwanamke hata mmoja. Na meya alipounda kamati yake ya utendaji, nayo ikawa ya wanaume watupu. Wanawake wa Kiislamu waliingia barazani, alhamdulillah, ila walikaa upande wa pili, kwa tiketi ya Labour. Kundi lililopewa madaraka na mitaa yenye akina mama wa hijabu kila kona halikuwa na mama hata mmoja ndani yake.

Mtu ataniambia wanawake wenyewe hawakutaka. Si kweli. Mwaka 2015, Rahman alipokuwa amezuiwa kugombea, aliyebeba bendera ya upande wake kwenye uchaguzi wa meya alikuwa Rabina Khan, mwanamke wa hijabu, na alishika nafasi ya pili nyuma ya Biggs kwa maelfu ya kura. Basi aliyeweza kuaminiwa na manispaa nzima wakati wa shida alikuwa mwanamke. Wakati wa neema, meza ikajaa akina baba.

Nisiwaonee, mazuri yao nayasema pia. Halmashauri hiyo ya wanaume ndiyo iliyokuwa ya kwanza England kuwapa chakula cha bure cha mchana wanafunzi wa sekondari, mwaka 2023, baada ya wa msingi. Mama mwenye watoto wanne anajua maana yake mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 wakafungua kuogelea bure kwa wanawake na wasichana kuanzia miaka 16, ilhali wanaume wanangoja mpaka wafike 55. Hilo nililipenda, wallahi.

Lakini kupewa si sawa na kukaa pale panapogawiwa. Halmashauri kule inashika mambo ambayo ni maisha ya mwanamke kutoka asubuhi mpaka usiku: nyumba, shule, maktaba, malezi ya wazee na wagonjwa, taka, mpaka ofisi ya kusajili ndoa. (Na hili la ndoa mlishike. Nikaha ikifungwa kule sebuleni bila usajili wa kiserikali, sheria ya England haikutambui kama mke. Nimeshaliandika na nitaliandika tena.) Foleni ya nyumba za halmashauri Tower Hamlets ni ya maelfu kwa maelfu, na anayelala chumba kimoja na watoto watano, mmoja ana pumu kwa sababu ya ukuta wenye kuvu, ni mama. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kule hakuna viti maalum kama tulivyozoea Tanzania. Chama kisipomweka mwanamke kwenye wadi inayoshindika, basi tena.

Kuna suala la maimamu, nalo si la kulipita. Kabla ya uchaguzi wa 2014, maimamu 101 walitia saini barua iliyochapishwa katika gazeti la Kibangali la Weekly Desh, wakihimiza watu wampigie Rahman. Mwaka uliofuata hakimu wa mahakama ya uchaguzi, Richard Mawrey, akaufuta ushindi wake na kumzuia kugombea kwa miaka 5. Miongoni mwa makosa aliyoyaona ni shinikizo la kiroho kwa wapigakura. Rahman alikana, na hakuwahi kushitakiwa kwa jinai. Waislamu wengi waliumia, wakasema sheria hiyo ya karne ya 19, iliyotumika dhidi ya mapadri wa Ireland, imefufuliwa ili kuwapiga wao. Maumivu yao nayaelewa. Hata hivyo, kwa maoni yangu imamu atufundishe uaminifu, atukumbushe kuwa ushahidi ni amana, kisha jina la kutia alama atuachie wenyewe. Someni aya ya 12 ya Surat al-Mumtahina muone nani alikuja kutoa ahadi kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Wanawake wenyewe walikuja, kwa ndimi zao. Hawakutuma waume.

Nami ninaogopa mume ndani ya kibanda kuliko barua ya maimamu. Katika uchaguzi ule wa 2022, waangalizi wa kujitegemea waliripoti kuona Tower Hamlets watu wa familia moja wakiingia pamoja kupiga kura, mmoja akimtazama mwenzake au akimwelekeza. Wakati ule msimamizi wa kituo hakuwa na sheria iliyo wazi ya kumzuia. Jambo hilo likafika bungeni, na hoja kubwa ilikuwa ni wanawake. Ikapita sheria ya siri ya kura ya 2023: kuingia kibandani na mpigakura mwingine kwa nia ya kumshawishi ni kosa lenye faini au kifungo. Mwenye ulemavu bado anaruhusiwa msaidizi.

Atakwambia, "Mke wangu Kiingereza hakijamkaa sawa, namsaidia tu." Amsaidie nyumbani. Amsomee karatasi za wagombea, wabishane mpaka chai ipoe. Kumtii mume katika mema hakumpi mume sauti mbili na mke asibaki na hata moja.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku la safari, weka haya pamoja na cheti chako cha ndoa. Ukishapata anwani, jiandikishe mwenyewe kwa jina lako. Unajaza kwa intaneti, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu Mei 2023 lazima uoneshe kitambulisho chenye picha kituoni, na pasi yako ya Tanzania au Kenya inakubaliwa. Jina la kwenye pasi lilingane na ulilojiandikishia. Ukiwa unavaa niqabu, una haki ya kuomba uso wako uangaliwe faraghani. Omba awe msimamizi wa kike, kwani wameagizwa kujitahidi kulipata hilo, na kioo huwekwa ili ujifunge vizuri tena. Kisha unachukua karatasi yako, unaingia kibandani peke yako, na mume anakungoja mlangoni na mtoto.