MKAGUZI WA WANYAMA ASIACHWE PEKE YAKE

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo tumeizoea hata tukasahau kuuliza ni fadhila gani hasa aliyotendewa punda. Hubeba mchanga, mawe, kuni na makuti tangu alfajiri, na magharibi humkuta angali njiani. Nyumba nyingi za visiwa vyetu zimesimama kwa mgongo wake na kwa shingo ya ng'ombe wa gari.

Hivi karibuni tulifuatana asubuhi moja na kijana anayejifunza kazi ya ukaguzi wa hali za wanyama katika jumuiya moja ya kheri. Kazi yake haina makuu. Hutazama kwato, macho na mahali mikanda inapogusa ngozi. Huuliza mnyama amekunywa maji saa ngapi. Kisha huandika katika daftari. Gari la kwanza alilolisimamisha lilijaa mawe, na kifuani mwa punda, chini ya kamba, palikuwa na kidonda kibichi kilichozungukwa na nzi. Mwenye gari hakukikana. Aliuliza mambo mawili tu: "Nani kakutuma? Na nikimpumzisha huyu, wanangu watakula nini?"

Swali la pili kijana alilijibu kwa upole. Alikiosha kidonda, akaonyesha jinsi kamba ya nailoni inavyokata ngozi na jinsi gunia lililokunjwa linavyoikinga, akaeleza kwamba siku chache za mapumziko ni hasara ndogo kuliko kununua punda mwingine. Swali la kwanza hakuwa na jibu. Hakuwa na barua ya sheha wala kitambulisho cha mamlaka yoyote. Gari likaondoka na mzigo wake. Tulipouliza mawe yale yanakwenda wapi, tuliambiwa yanakwenda kwenye jengo la umma. Tunakiri kwamba aibu ile ilikuwa yetu sisi viongozi kabla ya kuwa ya mwenye gari.

Wapo watakaosema kwamba huruma kwa wanyama ni desturi ya kigeni. Sisi tuliosoma chuoni tangu udogo tulifundishwa habari za mwanamke aliyestahili moto kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Somo hilo halikutoka ng'ambo.

Wengine watasema kwamba kazi hii waachiwe wafadhili. Hapo ndipo penye kosa. Nchini Uingereza jumuiya ya kuwalinda wanyama ilianzishwa London mwaka 1824, na inao wakaguzi wenye sare. Hata hivyo, mkaguzi wake hana ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mtu bila ya ridhaa. Panapohitajika nguvu ya sheria, huwaita polisi. Tanzania Bara nayo inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayowatambua wakaguzi, lakini sheria hiyo haihusu Zanzibar. Jumuiya ya kheri yaweza kutoa dawa, mafunzo na moyo wa kujitolea. Mamlaka hayatolewi kwa sadaka. Hayo ni amana ya serikali.

Kwa hiyo tunatoa wito. Masheha wawapokee vijana hawa, wawape barua na wawafahamishe kwa wananchi. Wakuu wa mifugo wilayani wawape vitambulisho, na siku za ukaguzi wamtoe bwana mifugo afuatane nao. Ofisi za umma zinapoandika mikataba ya ujenzi zitaje kiwango cha mzigo kwa kila gari, na bei ya kubebesha iwe ya haki. Mwenye gari anayelipwa kwa safari, tena malipo duni, hatampumzisha mnyama wake hata akihubiriwa mchana kutwa.

Tusisahau kwamba gari lile lilikuwa na wanyonge wawili: mmoja ameshika hatamu na mwengine amefungwa kamba. Adhabu ikitangulia mafunzo, tutamtesa wa kwanza bila ya kumponya wa pili. Mafunzo yakitangulia, na serikali ikasimama nyuma ya mkaguzi, wote wawili watapona.

Kijana yule atarudi barabarani kesho na daftari lake. Atakapoulizwa tena nani kamtuma, awe na la kujibu.