Ungo Kwanza, Jicho Baadaye

Kila kiumbe chenye uhai hubeba ndani ya chembe zake maagizo ya maumbile, ambayo wataalamu huyaita jenomu. Maagizo hayo huandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Jenomu ya bakteria wa tumboni aitwaye E. coli ina herufi zipatazo milioni 4.6, ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi.

Kulinganisha jenomu mbili huonekana kazi nyepesi mpaka ihesabiwe. Njia kamili, iliyotangazwa na Smith na Waterman mwaka 1981, hupima kila herufi ya upande mmoja na kila herufi ya upande wa pili. Kwa bakteria wawili tu, jedwali lake huwa na vyumba trilioni 21. Kwa watu wawili, idadi yake ni 9 yenye sifuri 18 nyuma yake. Kompyuta ikitwishwa jedwali zima bila maandalizi, kumbukumbu yake hujaa na kazi husimama. Mtaka yote hukosa yote.

Ndiyo maana programu nyingi hufuata desturi ya mpishi mwangalifu: hupepeta kwanza, kisha huchambua. Programu ya BLAST, iliyotolewa mwaka 1990, hutafuta vipande vifupi vinavyolingana kabisa, mathalani vya herufi 11. Hapo ndipo huendelea kupima kwa makini kulia na kushoto. Mash, ya mwaka 2016, hupunguza mzigo zaidi. Kwa kawaida huigawa jenomu katika maneno ya herufi 21, kisha kwa kanuni maalumu huteua maneno 1,000 tu yaiwakilishe. Kwa mbinu hiyo, waundaji wake walipanga katika makundi jenomu zaidi ya 54,000 kwa saa 33 za kazi ya kompyuta.

Hata hivyo, apepetaye kwa pupa humwaga na mchele. Mwaka 2007, ugonjwa wa Ebola ulizuka wilayani Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Jenomu ya kirusi hicho, yenye herufi 19,000 hivi, ilionekana kutofautiana na virusi vya Ebola vilivyojulikana kwa zaidi ya asilimia 30. Penye tofauti kubwa namna hiyo, maneno marefu yanayolingana herufi kwa herufi huwa machache mno. Atafutaye kwa maneno marefu peke yake aweza kudhani kwamba hakuna udugu wowote. Ndugu wa mbali hutafutwa kwa maneno mafupi. Ndugu wa karibu, kwa marefu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba karibu nusu ya jenomu ya binadamu ni sehemu zinazojirudia. Zisipofunikwa mapema, programu hupoteza muda mwingi ikifuata mifanano isiyo na maana.

Basi mtaalamu mwangalifu hugawa kazi kwa mafungu, hufunika marudio, hujaribu kwanza kwa sehemu ndogo, na huandika waziwazi alichokiacha. Daktari anayesubiri jina la ugonjwa huhitaji jibu la haraka, lakini jibu hilo likiwa na kasoro laweza kugharimu maisha.