Mabamba yaoshwe, na ozoni itajwe

Mwandishi, katika makala yako kuhusu mtambo wa kusafisha hewa kwa umeme hukumtaja Frederick Cottrell, mkemia wa Berkeley, California, aliyepata hataza ya mtambo huu mwaka 1908. Hataza zake alizitoa ili mapato yagharamie utafiti wa sayansi, na mwaka 1912 ikaanzishwa Research Corporation kwa ajili hiyo. Moyo huo ni adimu sana!

Kuhusu mashine za nyumbani za aina hiyo: umeme wa volti kubwa huzipa chembe za vumbi chaji, nazo hunata kwenye mabamba ya chuma. Yakijaa vumbi, mashine hubaki kunguruma tu na hewa haisafiki; basi yaoshwe. Ila ozoni uliyoigusia kwa haraka ndiyo jambo kubwa. Gesi hiyo hudhuru mapafu, hasa ya wenye pumu. Ndugu wasomaji, kabla ya kununua, ulizeni kwanza mashine inatoa ozoni kiasi gani.